Mbwa anapoanza kuyumba miguu ya nyuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ugonjwa wa ugwe wa mgongo

Maswali haya huulizwa na watu wanaofuga German Shepherd, Boxer na chotara wao, wengi wakiwa na mbwa mzee aliyeanza kuyumba bila kuanguka wala kugongwa na gari. Nimemuuguza mbwa wa ugonjwa huu hadi mwisho wake. Ninayaandika majibu kwa ajili ya yule aliyetajiwa ugonjwa huu jana kliniki, akarudi nyumbani hajui aanzie wapi.

Mbwa wangu mzee anayumba nyuma. Ndio huu?

Huenda, lakini usikimbilie jibu hilo. Miguu ya nyuma hulegea kwa sababu nyingi, na kadhaa kati ya hizo zina tiba. Huu hauna. Ukimbandika mbwa jina la ugonjwa huu mapema, unaweza kumnyima matibabu ya kitu kingine ambacho kingepona.

Tunaufikiria pale mambo manne yanapokutana: mbwa ana umri wa kama miaka 8 au zaidi, hali ilianza polepole kwa wiki na miezi, hana maumivu ya mgongo, na kila mwezi unaopita hali inazidi wala hairudi nyuma. Mbwa anayelia akiguswa mgongoni, au aliyelala mzima jana na leo haamki, ana jambo jingine. Huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, usingoje Jumatatu.

Ni ugonjwa gani hasa?

Ndani ya pingili za uti wa mgongo hupita ugwe wa mgongo, yaani ule uzi mnene wa neva unaounganisha ubongo na miguu. Amri za kutembea hushuka humo, na habari za mguu ulipo hupanda humo humo. Nyuzi za neva zimevikwa ala yenye mafuta, mithili ya plastiki inayofunika waya wa umeme. Katika ugonjwa huu ala hizo huharibika na nyuzi zenyewe hufa. Uharibifu hujikita kwanza katikati ya mgongo, eneo la kifua, na ndiyo sababu miguu ya mbele hubaki imara wakati ya nyuma imekwisha kupotea.

Kinachotangulia kupotea si nguvu, ni taarifa. Mbwa hajui tena wayo wake umekaaje. Misuli ipo na hamu ya kutembea ipo, lakini mguu hutupwa ovyo, huvuka mwenzake, hutua ukiwa umekunjwa. Mwenye mbwa akimwita akageuka ghafla, sehemu ya nyuma humponyoka na kwenda upande.

Madaktari huuandika kwa herufi mbili, DM, kifupi cha jina lake la Kiingereza, degenerative myelopathy. Averill, daktari wa mifugo wa Marekani, aliueleza mwaka 1973 kwa German Shepherd waliozeeka, na kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa ni wa aina hiyo peke yake. Sivyo, kama utakavyoona hapa chini.

Dalili za mwanzo ni zipi?

Masikio hutangulia macho. Mbwa akipita kwenye saruji au vigae, kucha za nyuma hukwaruza sakafu, krrr, krrr, kwa sababu mguu haunyanyuliwi vya kutosha. Mshike mguu uzitazame kucha zenyewe: zile mbili za katikati zimelika upande wa juu, pengine hadi kutoa damu, na zile za pembeni ni ndefu kama kawaida. Mara nyingi mguu mmoja hutangulia, na wa pili hufuata.

Katika nyumba zetu nyingi mbwa hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, kwa hiyo mwenye mbwa huchelewa kuona. Anayeona kwanza ni askari wa zamu ya usiku, au kijana anayempelekea chakula. Akikwambia mbwa anaburuta mguu, nenda ukatazame mchana kweupe.

Kuna kipimo kidogo unachoweza kukifanya mwenyewe. Msimamishe mbwa mahali pasipoteleza, mtu anayemzoea amshike kifuani atulie. Piga magoti ubavuni mwake, upande wa nyuma. Mkono mmoja upitishe chini ya tumbo, mbele kidogo ya mapaja, umpunguzie uzito. Kwa mkono wa pili shika wayo mmoja wa nyuma, upindue taratibu hadi mgongo wa vidole uguse chini, kisha uachie. Mbwa mzima huurudisha wayo papo hapo, pengine kabla hujaondoa vidole vyako. Mwenye hitilafu ya neva huuacha vilevile: amesimamia vidole vilivyokunjwa, anatazama mbele, hana habari. Rudia kwa mguu wa pili, kisha miguu ya mbele.

Mbwa mwenye tatizo la nyonga peke yake huurudisha wayo, hata kama anachechemea. Kipimo hiki hakitaji ugonjwa. Kinakuonyesha tu kwamba tatizo lipo kwenye neva, na hilo halitibiwi kwa dawa ya viungo. Mrekodi pia kwa simu akitembea, akigeuka na akipanda ngazi, maana mbwa akifika kliniki hupata hofu na kutembea vizuri kuliko alivyo.

Hali itaendeleaje baada ya hapo?

Kwa mbwa mkubwa, kutoka kuyumba hadi kushindwa kutembea kwa miguu ya nyuma mara nyingi ni miezi 6 hadi 12. Kwanza anajikwaa na kuanguka kwenye kona. Halafu anahitaji msaada wa kuinuka. Halafu miguu inaburutwa. Misuli ya mapaja hupungua hadi unaihisi mifupa kwa kiganja. Mkojo na choo huanza kumponyoka. Akiendelea kuishi, udhaifu hupanda hadi miguu ya mbele, na mwishoni kabisa hufika kwenye kumeza na kupumua.

Safari nzima inaweza kufika miaka mitatu, lakini mbwa wengi wakubwa hupumzishwa kabla ya hapo kwa sababu kumnyanyua mnyama wa kilo 35 mara nyingi kwa siku si kazi ndogo. Pembroke Welsh Corgi, ambaye ni mfupi na mwepesi, huishi na ugonjwa kwa muda mrefu zaidi kwa kuwa anabebeka.

Anaumia?

Ugonjwa wenyewe hauumi. Hili ni la kulishika sana, kwa faraja yako na kwa uchunguzi pia. Mbwa mwenye DM anakula, anatikisa mkia, anataka kutoka nje, na hushangaa kwa nini mwili haumfuati. Akianza kuonyesha maumivu, kuna kitu cha ziada: kidonda, maambukizi ya njia ya mkojo, au mabega yaliyochoka kubeba mwili mzima. Kitafutwe kitibiwe.

Usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofen, diclofenac na paracetamol zinaweza kumtoboa tumbo, kuua figo au kuharibu ini la mbwa.

Unasababishwa na nini? Nilimlisha vibaya?

Hapana. Si chakula, si kulala kwenye sakafu ya baridi, si kuzidishiwa kazi. Ni jeni.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri na wenzao wa Broad Institute huko Marekani walitangaza kwamba mbwa wenye ugonjwa huu wana kasoro kwenye jeni iitwayo SOD1. Jeni hiyo hutengeneza protini ambayo kazi yake ni kuondoa kemikali zinazounguza seli. Ikiwa na kasoro, protini hujikunja vibaya na kurundikana ndani ya seli za neva. Tangu mwaka 1993 ilikwisha kujulikana kwamba kasoro za jeni hiyo hiyo kwa binadamu husababisha aina ya kurithi ya ALS, ugonjwa unaopoozesha misuli ya mwili kidogo kidogo. Kwa hiyo mbwa hawa wanaugua jambo lililo karibu sana na la watu, na ndiyo maana wanasayansi wa pande zote mbili wanafuatana kwa karibu.

Mbwa hupokea nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Aliye na nakala mbili zenye kasoro yuko hatarini. Aliye na moja ni mbebaji: kwa kawaida haugui, lakini anaweza kuwarithisha watoto. Na hata mwenye nakala mbili, wengine huzeeka na kufa kwa mambo mengine bila kuyumba hata siku moja. Ni kitu gani kinachomwasha huyu na kumwacha yule, bado kinatafutwa.

Ni mbwa wa aina gani wanaoupata?

German Shepherd, Boxer, Pembroke Welsh Corgi, Chesapeake Bay Retriever na Rhodesian Ridgeback ndio waliokuwa kwenye utafiti wa 2009. Bernese Mountain Dog ana kasoro ile ile, na pia ana nyingine ya kwake kwenye jeni hiyo hiyo. Lakini kasoro ya kawaida imekwisha kuonekana katika zaidi ya aina 100 za mbwa, wakiwemo chotara.

Kwa Afrika Mashariki, wawili wa kuangaliwa ni German Shepherd, ambaye yupo nyuma ya mageti mengi ya Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, na Ridgeback, ambaye asili yake ni kusini mwa bara hili. Mbwa wetu wa kienyeji akiyumba nyuma, fikiria kwanza ajali, kupigwa, kupe, distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa) na kichaa cha mbwa.

Inaweza kuwa kichaa cha mbwa?

Swali hili ndilo la kujibiwa kabla ya yote, kwa sababu hapa anayehatarishwa ni wewe na watoto wako.

Watu wengi wanamjua mbwa mwenye kichaa anayekimbia na kuuma. Ipo aina ya pili, ya kimya. Mbwa hupooza, mara nyingine akianzia miguu ya nyuma, sauti hubadilika, taya hulegea na mate hutiririka, hawezi kumeza. Watu humwonea huruma, hudhani amekwamwa na mfupa, wanaingiza mkono mdomoni. Usifanye hivyo kamwe.

Tofauti kubwa ni muda. Kichaa humaliza mbwa kwa siku chache. Kwa kawaida hazizidi 10 tangu dalili zianze. DM huchukua miezi, na mbwa anabaki na akili zake, anakula na kumeza vizuri hadi mwishoni kabisa. Kwa hiyo mbwa aliyepooza ndani ya siku mbili tatu, hana chanjo inayojulikana au aliwahi kuumwa na mbwa mwingine, mfungie peke yake, usimguse, mpigie simu daktari wa mifugo wa serikali au wa kata. Kama amemuuma au kumramba mtu penye jeraha, osha pale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba ya kutegemea.

Mwenye mbwa wa DM naye asiache chanjo ya kila mwaka kwa kuwa mbwa haondoki tena nyumbani. Wanyama wa nje humfuata pale alipolala.

Ni magonjwa gani mengine yanafanana nao?

Diski iliyotoka mahali pake. Kwa mbwa wa miguu mifupi kama Dachshund hutokea ghafla na huuma sana. Hapo saa zina thamani, kwa sababu upasuaji wa mapema unaweza kumrudishia miguu. Kwa mbwa wakubwa wazee diski huvimba polepole na kubana ugwe, na hii ndiyo inayoiga DM kuliko zote.

Kubanwa kwa neva za kiunoni, karibu na mkia. German Shepherd wanalo sana. Mbwa hukataa kuruka garini, na ukiunyanyua mkia au kumbonyeza kiunoni analalamika. Linatibika, mara nyingine kwa upasuaji.

Nyonga mbovu na baridi yabisi. Mbwa huamka mkavu, akitembea kidogo anachangamka. Wayo hautui umekunjwa. Mara nyingi mbwa mzee ana nyonga mbovu na DM kwa pamoja, na eksirei ya nyonga ikionekana mbaya watu huacha kutafuta zaidi.

Ugwe kukosa damu kwa ghafla. Mbwa anacheza mpira, analia mara moja, miguu inalegea. Baada ya siku ya kwanza haizidi tena, wala haiumi. Wengi hupata nafuu kubwa kwa mazoezi.

Distempa huacha misuli ikirukaruka hata mbwa akiwa usingizini, na mara nyingi ilitanguliwa na makamasi na tongotongo. Magonjwa ya kupe humfanya mbwa ashindwe kusimama kwa kukosa damu: fungua mdomo utazame fizi, zikiwa nyeupe hilo si jambo la ugwe. Kuna pia mnyoo wa umio, Spirocerca lupi, uliozoeleka Kenya na katika nchi nyingi za joto, ambao mbwa huupata kwa kula dundu wa mavi, yule mdudu anayeviringisha kinyesi. Huweza kuharibu pingili za mgongo. Na ipo sumu: mbwa aliyeogeshwa jana kwa dawa ya kupe ya ng'ombe iliyochanganywa kwa kukisia, leo akiyumba na kutetemeka, ana sumu mwilini. Muulize aliyemwogesha, uchukue na chupa.

Uvimbe wa saratani kwenye mgongo na usaha kwenye diski navyo vimo kwenye orodha ya daktari.

Daktari atathibitishaje? Hapa kwetu MRI ya mbwa hakuna.

Kwa mbwa aliye hai ugonjwa huu hautambuliwi kwa kuonekana. Hutambuliwa kwa kuondoa mengine yote. Katika hospitali zenye vifaa hufanywa MRI ya mgongo, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ambayo kwa mbwa wa DM haionyeshi kitu kinachobana ugwe, na majimaji ya ugwe hupimwa kuona kama kuna uvimbe au maambukizi. Uthibitisho kamili hutoka baada ya kifo, ugwe ukichunguzwa kwa hadubini.

Usipokuwa na MRI bado kuna mengi ya kufanya. Daktari mwenye uzoefu wa neva anaweza kutumia mikono yake na nyundo ndogo kujua tatizo lipo sehemu gani ya mgongo. Eksirei huonyesha pingili zilizooza, uvimbe wa mfupa na nyonga. Damu huonyesha kupe, figo na sukari. Halafu muda wenyewe ni kipimo: mpige video kila wiki mahali palepale, ukizifananisha baada ya mwezi utajua kama anazidi, amesimama au anapata nafuu. Anayepata nafuu hana DM.

Ukihitaji maoni ya pili, vyuo vinavyofundisha madaktari wa mifugo ndivyo vya kuanzia: Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) pale Morogoro, Kabete kwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Makerere kwa walio Uganda. Enda na video zako.

Kipimo cha jeni kinasemaje?

Hufanywa kwa usufi unaopitishwa ndani ya shavu, au kwa damu, na huhitaji kufanywa mara moja tu maishani. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha California tawi la Davis (UC Davis) wanakifanya, na OFA, shirika la afya ya mifupa ya wanyama, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Missouri. Maabara nyingine nyingi zinauza pia.

Kikirudi kinasema mbwa hana kasoro, DM inakuwa mbali sana kwenye orodha na unapaswa kutafuta kingine kwa bidii. Kikisema ana nakala mbili, kimesema yuko hatarini, basi. Hakijasema ndicho kinachomyumbisha leo. Mbwa mwenye nakala mbili anaweza kuwa na diski iliyobana, na diski hiyo ikaachwa kwa sababu ya karatasi ya maabara. Kosa hili hufanyika hata katika nchi zenye kila kifaa.

Dawa ipo?

Hakuna dawa iliyothibitishwa kuuponya au kuusimamisha. Nalisema wazi kwa sababu mwenye mbwa wa DM huzungukwa na wauzaji haraka sana.

Steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, hazisaidii. Mbwa akipata nafuu kubwa kwa steroidi, fikiria upya, huenda ana kitu kingine chenye uvimbe. Zikiendelea kwa muda mrefu hula misuli, na misuli ndiyo akiba pekee aliyonayo. Mchanganyiko wa asidi ya aminokaproiki, asetilisisteini na vitamini ulisifiwa kwa miaka, ukajaribiwa, haukuonyesha faida. Vitamini E na mafuta ya samaki kwa kipimo cha daktari hayana ubaya, ila usiuze mbuzi kwa ajili yake. Sindano za seli shina kwa ugonjwa huu hazina ushahidi wa kukufanya uzilipie.

Matumaini ya kweli yanatoka upande wa binadamu. Aprili 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tofersen kwa watu wenye ALS inayotokana na SOD1. Dawa hiyo hupunguza utengenezaji wa protini mbovu. Watafiti wa mbwa wameifuata njia hiyo hiyo kwa majaribio. Kliniki za kawaida bado hazina cha namna hiyo.

Basi mazoezi yana maana yoyote?

Yana maana kuliko kitu kingine chochote nilichokitaja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia mbwa 22 walioshukiwa kuwa na DM. Waliofanyiwa mazoezi kwa bidii kila siku waliishi kwa wastani wa siku 255, waliofanyiwa kiasi siku 130, na wasiofanyiwa siku 55. Ni mbwa wachache, na hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo tarakimu hizo zisichukuliwe kuwa ahadi. Lakini tofauti ni kubwa, na mazoezi hayana gharama ila muda wako.

Mtembeze mara nyingi kwa muda mfupi: dakika 5 hadi 10, mara nne au tano kwa siku, kwenye nyasi au udongo, polepole ili alazimike kuweka kila wayo. Kutembea mara moja kwa saa nzima humchosha akaanza kuburuta. Akilala, mkunje na kumnyooshea kila kiungo cha nyuma taratibu, na umkande mapaja, na mabega pia kwa kuwa yanabeba mzigo mpya. Walio karibu na bahari au ziwa wana bahati: maji yanayomfikia mapajani humbeba, naye huisukuma miguu kwa uhuru ambao nchi kavu haumpi. Mshikie mkanda muda wote. Mbwa asiyejua miguu yake ilipo anaweza kuzama penye kina kifupi.

Nyumbani nibadilishe nini?

Anza na sakafu. Vigae ni adui. Tandika mikeka ya mpira, busati au mazulia makuukuu kwenye njia zake zote: kitandani hadi kwenye maji, maji hadi mlangoni. Mkeka wa ukili huteleza juu ya vigae, ufungie chini. Ziba ngazi kwa ubao.

Kanga nayo inafanya kazi kubwa. Ikunje kwa urefu iwe pana kama viganja viwili, ipitishe chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, shika ncha mbili juu ya mgongo. Unanyanyua kidogo tu, kiasi cha kumwondolea uzito, naye anatembea. Kwa dume isogeze isizuie mkojo. Usimnyanyue kwa mkia.

Nyayo zinazoburutwa kwenye saruji hutoboka kwa siku moja. Mvalishe soksi nene na juu yake kipande cha tyubu ya baiskeli, ukifunge kwa bendeji laini, kisha ukivue kila anapopumzika. Raba iliyokaza usiku kucha hukata damu, na mbwa hatakwambia kwa sababu hahisi.

Kigari cha magurudumu si lazima kiagizwe Ulaya. Fundi wa kuchomelea akipewa vipimo na picha anaweza kukitengeneza kwa mabomba mepesi na magurudumu ya kigari cha mtoto. Kianze mapema, miguu ya mbele ikiwa bado na nguvu. Siku za kwanza dakika chache tu, na usimwache peke yake humo.

Mlo upunguze ugali, uongeze nyama, mayai au dagaa. Mbwa mnene mwenye miguu miwili ya kutegemea hatadumu.

Mkojo na choo vinamponyoka. Nifanyeje?

Mpeleke nje kwa saa maalumu, mara tu anapoamka na baada ya kula. Godoro la sponji liwe na kifuniko cha plastiki na shuka juu, libadilishwe likilowa. Mgeuze ubavu kila baada ya saa chache ili asitokwe na vidonda nyongani.

Mnyoe manyoya ya mapajani na chini ya mkia, muoshe kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe kabisa. Katika joto letu manyoya yenye mkojo huvuta nzi, nzi hutaga mayai, na ndani ya siku moja au mbili kuna funza kwenye ngozi. Mkague kwa mikono asubuhi na jioni, akae penye chandarua. Mkojo ukinuka vikali au ukiwa na damu, apimwe maambukizi.

Unaambukiza?

Hapana. Wala kwa mbwa wengine, wala kwa watu.

Ni mbwa wa ulinzi. Aendelee na kazi?

Astaafu dalili zikithibitika kuwa za neva. Hawezi kukwepa panga wala pikipiki, na atakuwa wa kwanza kuumia. Lakini asifungiwe nyuma ya nyumba akasahauliwa. Mbwa wa kazi akikosa watu hunyong'onyea haraka kuliko miguu yake. Mlaze karibu na askari aliyezoeana naye.

Nina dume mwenye nakala mbili, ni mzuri na ana wateja. Nimzalishe?

Ugonjwa huanza uzeeni, na hapo ndipo penye mtego: dume anaweza kuwa amezalisha kwa miaka 6 kabla kucha hazijakwaruza, na watoto wake wakawa wametawanyika mikoa mitatu. Kwa hiyo pima kabla ya kuzalisha, usisubiri dalili.

Dume huyo akipandishwa kwa jike asiye na kasoro, watoto wote watakuwa wabebaji na kwa kawaida hawataugua. Wabebaji wawili wakikutana, kila mtoto ana uwezekano wa robo kupata nakala mbili. Kuwaondoa wabebaji wote kwa mpigo hupunguza utofauti wa jeni katika ukoo na kuleta magonjwa mengine, hivyo busara ni kuwapandisha kwa walio safi na kuchagua safi katika kizazi kinachofuata. Mnunuzi wa mtoto aonyeshwe majibu ya wazazi wote wawili kwa maandishi. Mwuzaji anayekwepa hilo, ondoka.

Nitajuaje wakati umefika?

Wengine husubiri mbwa aache kula. Kwa DM hiyo ni kuchelewa, kwa sababu anaweza kula vizuri huku amelala kwenye mkojo akiwa na vidonda vinavyofika mfupani. Mimi huangalia mengine: je, bado anafurahi ukiingia? Anaweza kukaa msafi na mkavu kwa msaada wako? Miguu ya mbele bado inambeba? Anapumua bila shida? Miguu ya mbele ikianza kwenda, zungumza na daktari wiki hiyo. Angalia na nguvu zako pia. Kuishiwa hakumaanishi humpendi.

Afanye daktari, kwa sindano, nyumbani kama inawezekana: usingizi kwanza, kisha dawa ya mwisho. Usikubali mtu akushauri sumu ya panya au kumpeleka porini. Ni mateso makubwa, na mizoga yenye sumu huua wanyama wengine.

Baada ya hapo kuna la kufanya?

Kama ulitaka uhakika, mwambie daktari mapema, kabla ya siku yenyewe, kwamba ungependa ugwe uchunguzwe. Sampuli huchukuliwa saa zile zile za mwanzo, na vyuo vilivyotajwa hapo juu ndivyo vya kuulizwa kama vinaipokea.

Halafu mpigie aliyekuuzia mtoto. Mweleze umri dalili zilipoanza na majibu ya kipimo, umwombe awaambie waliochukua ndugu wa tumbo lile. Kama ana jike au dume wa ukoo huo bado anazaliana, huenda hana habari yoyote, na simu yako ndiyo atakayoisikia kwa mara ya kwanza.